Kalori za Nyama ya Nyumbani: Tunapima Uzito Upi?

Mtu akinunua kilo ya mbuzi kwenye bucha mjini Morogoro, akaiunga nyumbani, kisha akataka kujua sahani yake ina kalori ngapi, mara nyingi hufungua simu, akatafuta nyama ya mbuzi kwa gramu 100, akachukua namba ya kwanza aliyoiona na kuizidisha kwa uzito wa vipande vilivyo mbele yake. Namba hiyo huenda ni sahihi kabisa. Kinachoharibu hesabu ni uzito uliozidishwa nayo. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba makosa makubwa katika kalori za nyama ya kupika nyumbani hayatokani na kemia wala na udhaifu wa majedwali. Yanatokana na kuchanganya uzito wa kabla ya moto na wa baada ya moto. Anayetaka hesabu ya kuaminika aanze na sufuria nzima, sahani ije baadaye.

Tuchukue namba za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambazo programu nyingi za simu huzitegemea. Gramu 100 za nyama mbichi ya mbuzi, bila mfupa, zina kilokalori 109 na protini gramu 20.6 hivi. Gramu 100 za mbuzi aliyeokwa zina kilokalori 143 na protini gramu 27.1. Je, moto umeongeza protini? Haiwezekani. Kilichotokea ni kwamba maji yameondoka na vilivyobaki vimesongamana. Ukigawanya 20.6 kwa 27.1 unapata 0.76, yaani gramu 100 mbichi zimebaki 76 baada ya kuiva. Zidisha gramu hizo 76 kwa 143 kwa kila mia: unarudi pale pale, kilokalori 109. Nyama haikupata kalori wala kupoteza, imepungua maji tu. Sasa mwangalie yule aliyepima gramu 200 za nyama iliyoiva akatumia namba ya nyama mbichi. Ameandika 218 mahali pa 286, karibu robo nzima imepotea kwenye daftari. Aliyepima mbichi akatumia namba ya iliyoiva amekosea upande wa pili, na kwa kiasi kikubwa zaidi.

Mbuzi ni mfano mwepesi kwa sababu mafuta yake ni machache. Nyama ya kusaga ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 20 ina kilokalori 254 kwa gramu 100 ikiwa mbichi, na takribani 270 ikishachomwa juu ya wavu. Anayezitazama namba hizo mbili haraka atadhani hazitofautiani sana, kwa hiyo yoyote itafaa. Lakini fuata protini: kutoka gramu 17 hivi hadi karibu 26, maana yake uzito umeshuka hadi theluthi mbili. Theluthi mbili za 270 ni 180. Kilokalori zaidi ya 70 zimedondoka kwenye makaa, na ni mafuta hayo, kwa kuwa gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9 wakati ya protini hubeba 4. Hapa protini inatufanyia kazi ya shahidi: haikimbii sana motoni, kwa hiyo inatuonyesha nini kimekimbia. Kwenye kitimoto ya kukaanga jambo hili ni kubwa zaidi, na faida yake ni kwamba mafuta hubaki kwenye kikaango ambako yanaweza kupimwa. Kila gramu 10 zilizobaki bila kuliwa ni kilokalori 90 za kuondoa. Kwa nyama choma huwezi kuyapima, yameshakuwa moshi. Hapo tumia namba ya nyama iliyochomwa pamoja na uzito wa nyama iliyochomwa, usichanganye.

Kwa mchuzi na rosti, njia ya uhakika ni ya sufuria. Pima kila kinachoingia kikiwa kibichi, jumlisha kilokalori zote, pika, pima chakula kilichoiva bila uzito wa sufuria, kisha gawanya. Tuseme kilo moja ya steki ya mbuzi (1,090), vijiko vitatu vya chakula vya mafuta (360), vitunguu gramu 200 (80) na nyanya gramu 300 (54). Jumla ni 1,584, na karibu robo yake ni mafuta ambayo wengi huyasahau kwa sababu hayaonekani kwenye sahani. Bizari na mdalasini havina uzito wa kutusumbua. Ukiacha mchuzi mwingi na chakula kikawa gramu 1,400, kila gramu 100 ina kilokalori 113. Ukikausha hadi gramu 1,000, ni 158. Sufuria ni ileile na kalori ni zilezile, ila sahani ya gramu 300 imetofautiana kwa 135 kwa sababu ya maji tu. Hapo ndipo jibu la jumla la simu, "mchuzi wa mbuzi, bakuli moja", linapokosa maana. Mifupa nayo ipimwe baada ya kula na kuondolewa. Kwenye kilo ya mchanganyiko si kitu kidogo, na anayehesabu kilo nzima kama nyama anahesabu asichokitafuna.

Atatokea wa kusema kwamba mahesabu haya yote yamesimama juu ya mifugo ya Marekani iliyoneneshwa kwa nafaka, ilhali ng'ombe wetu ni zebu wa malishoni. Pingamizi hili lina uzito. Tanzania ina jedwali lake la virutubisho, lililotolewa Dar es Salaam mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania na Shule ya Afya ya Jamii ya Harvard. Kenya ilitoa lake mwaka 2018. Ni vyema kuanzia huko, na kwa ng'ombe wa malishoni kuchagua mstari wa nyama isiyo na mafuta mengi. Lakini tofauti ya mifugo haiwezi kuhalalisha kosa la mizani. Kinyume chake, mazingira yetu yanaidai mizani zaidi. Mjini Morogoro, mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi 98. Juu milimani Uluguru, kwenye mita 1,500, huchemka karibu na 95, na nyama ngumu huhitaji muda mrefu zaidi jikoni. Uwiano wa uzito uliopatikana katika maabara ya mbali hauwezi kujua sufuria ya huko milimani imechemka kwa saa ngapi. Mizani inajua.

Pingamizi zito zaidi ni la wanabiolojia. Rachel Carmody na Richard Wrangham, ambaye alichunguza sokwe Gombe na baadaye Kibale nchini Uganda, walionyesha mwaka 2011 kwamba panya waliolishwa nyama iliyopikwa walinufaika nayo kuliko waliolishwa mbichi. Kama mwili huvuna zaidi kutoka kwa nyama iliyoiva, basi kudai moto hauongezi kalori ni uongo? La. Utafiti huo unalinganisha mlaji wa nyama mbichi na mlaji wa iliyopikwa. Vipimo vya kilokalori 4 na 9 kwa gramu, vilivyotokana na kazi ya Wilbur Atwater mwishoni mwa karne ya 19, vilitokana na watu waliokula vyakula vya kawaida, na nyama yao ilikuwa imepikwa. Namba ya nyama mbichi kwenye jedwali inachukulia tayari kwamba utaipika.

Kasoro moja ya njia ya sufuria haina budi kukubaliwa: inachukulia kwamba kila kijiko kimechukua vipande na mchuzi kwa uwiano sawa. Anayeokota vipande na kuacha mchuzi ameacha sehemu kubwa ya mafuta, na anayekunywa supu iliyoelea mafuta amechukua ya mwenzake. Kwa familia inayokula pamoja, koroga kabla ya kupakua. Kwa mgonjwa wa kisukari anayehesabu kila mlo, mpikie sufuria yake ndogo. Na yeyote atakayejaribu, apime sufuria ikiwa tupu kabla ya kuwasha moto na auandike uzito huo mahali, kwani nyama ikishaungwa hatausoma tena bila kumwaga chakula.