Mguu, Siti na Udongo wa Mbuga: Kuchagua Pikipiki Maswa

Anayeingia dukani Nyalikungu kununua pikipiki huuliza kwanza mambo mawili: injini ni cc ngapi, na vipuri vinapatikana? Ni maswali ya haki, na Boxer na TVS zimeenea Simiyu kwa sababu majibu yake yanaridhisha. Lakini kuna anguko ambalo injini wala vipuri haviliamui. Ni lile la pikipiki iliyokaribia kusimama, mzigo uko nyuma, mguu umeshuka kutafuta ardhi na haukuikuta. Anguko hilo huvunja vifundo vya miguu, huunguza mashavu ya miguu kwa ekzosi, humwaga abiria topeni, na chanzo chake mara nyingi ni siku ya kununua.

Tuanze na mwili. Urefu wako wa jumla hautoshi kukuongoza, maana watu wawili wenye sentimita 168 wanaweza kutofautiana miguu kwa sentimita tano. Kinachopimwa ni mguu wa ndani. Simama peku, mgongo ukutani, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya mapaja, kipandishe mpaka kikwame juu, kisha mwenzako apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu mpaka sakafuni. Pikipiki za kawaida za cc 100 hadi 150 zina siti yenye kimo cha kati ya sentimita 78 na 82 hivi. Zile za njia mbovu, za jamii ya Honda XL 125 na Yamaha DT 125, ambazo kwa miaka mingi tumewaona nazo mabwana shamba na watumishi wa miradi, nyingi hupita hapo, na baadhi ya ndugu zake hukaribia 90.

Usitoe namba moja kwenye nyingine ukadhani umemaliza. Ukikaa, shokapu hubonyea na siti hushuka sentimita mbili au tatu kwa mtu wa uzito wa kati. Kwa upande mwingine, siti pana hutanua mapaja, na mguu uliotanuka haufiki mbali kama uliosimama wima. Ndiyo maana pikipiki mbili zenye siti ya kimo kilekile zinaweza kumpa mtu mmoja majibu tofauti kabisa: kwa moja anakanyaga wayo mzima, kwa nyingine anagusa kwa vidole. Jedwali la mtengenezaji halitakuonyesha hilo. Ni makalio yako tu yatakayokuonyesha.

Sasa njia, na hapa ndipo Maswa inapotofautiana na mahali ambapo pikipiki hizi zilichorwa. Barabara ya lami inayotoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi haina neno. Kwa anayeishia hapo, karibu pikipiki yoyote itamfaa. Shida huanza unapoiacha lami. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, alieleza miaka ya 1930 jinsi udongo wa Afrika Mashariki unavyobadilika kwa mpangilio kutoka kilimani kwenda bondeni. Wakulima wa Kisukuma walikwishaujua mpangilio huo kwa majina: luseni, mchanga wa miteremko, itogolo, ardhi yenye tabaka gumu inayotuamisha maji, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi unaovimba ukinywa maji na kupasuka nyufa ukikauka. Safari moja ya kilomita chache kwenda shambani inaweza kukupitisha kwenye zote tatu. Kwa hiyo unachochagua ni pikipiki ya kupita udongo mbaya kuliko wote katika njia yako, si ule ulio mwingi.

Mbuga ndiyo hakimu. Mvua za Novemba zikianza, mikokoteni ya ng'ombe huchimba mifereji miwili katikati ya njia. Jua likirudi, mifereji hiyo hukauka na kubaki na kingo ngumu. Mwendesha pikipiki hupita juu ya tuta la katikati au ndani ya mfereji. Akiwa juu ya tuta na akalazimika kusimama, mguu wake unashuka mferejini, na kama mfereji una kina cha sentimita 12, kwake siti ya 80 imekuwa ya 92. Hesabu hii ndogo naiona kuwa jambo kuu kuliko yote katika uchaguzi wa pikipiki huku kwetu, na sijawahi kumsikia muuzaji akiitaja.

Tazama inavyofanya kazi. Pikipiki ya kilo 115, wewe kilo 65, abiria au mzigo kilo 70: jumla 250. Ikiinama nyuzi tano, sehemu ya uzito inayovuta upande ni kama kilo 22, na mtu yeyote mzima huizuia. Ikiinama nyuzi 15, inafika kama kilo 65, na huo ni uzito wako mwenyewe. Anayekanyaga wayo mzima huidaka pikipiki mapema, ingali kwenye nyuzi tano. Anayegusa kwa vidole huidaka imechelewa, tena kwa mguu uliosimama juu ya tope linaloteleza. Nguvu za misuli hazitamwokoa. Hapo utaona pia kwamba wepesi wa pikipiki una thamani kuliko ukubwa wa injini: kila kilo unayoipunguza huupunguzia mguu mzigo.

Kwa nini basi wengine huhitaji pikipiki ndefu? Kwa sababu ya tumbo na gurudumu. Pikipiki za kawaida zina nafasi ya sentimita 16 hadi 18 hivi kati ya injini na ardhi, na hapo hazijabeba mtu. Wakikaa wawili na gunia, nafasi hiyo hupungua, na tuta la kati ya mifereji hukwangua injini. Zile ndefu nyingi zina sentimita 24 na kuendelea. Gurudumu lao la mbele ni la inchi 21, wakati Boxer ina 17. Tairi likiwa na unene uleule, kipenyo huzidi kwa sentimita kumi, na ukingo wa mfereji uliokauka hupandwa kwa mteremko mpole zaidi. Kwenye mchanga wa luseni pia gurudumu kubwa huchelewa kuzama.

Faida nyingine ni madigadi ya mbele. Udongo wa mbuga hunata kwenye tairi, hujaa chini ya madigadi iliyo karibu na tairi, na baada ya mita kadhaa gurudumu halizunguki tena. Pikipiki ndefu zina madigadi iliyoinuliwa juu. Vijana wengi huing'oa kabisa. Nawaelewa, lakini katika baadhi ya pikipiki bamba la madigadi ndilo linaloshikanisha miguu miwili ya mbele isiyumbe, na pia tope lote hurukia mapezi ya injini inayopozwa kwa hewa. Afadhali fundi aipandishe na kuacha nafasi ya vidole vinne juu ya tairi, huku akibakisha kishikizo cha chuma.

Aprili 2022, mjini Dodoma, Rais Samia Suluhu Hassan aliwakabidhi maafisa ugani pikipiki za kufikia wakulima. Lilikuwa jambo kubwa kwa mkoa wa pamba kama wetu. Hata hivyo ugawaji wa aina hii, wa serikali au wa mradi, humpa mama wa sentimita 155 na kijana wa 185 chombo cha kimo kimoja. Kwa hao wafupi, marekebisho ni lazima, na yapo ya salama. Fundi wa siti apunguze sponji pembeni, pale mapaja yanapopita, kabla ya kupunguza juu. Pete ya shokapu za nyuma ishushwe ngazi ya chini kabisa ukiwa unaendesha peke yako, na ipandishwe siku ya mzigo. Lakini usikubali kukatiwa springi. Springi iliyokatwa huwa fupi na ngumu, hugonga mwisho kwenye shimo la kwanza, na uti wa mgongo wako ndio unaolipa. Ukiishusha pikipiki kwa njia yoyote, kumbuka stendi ya pembeni: itakuwa ndefu mno, na pikipiki itasimama wima hadi iangukie upande wa pili.

Hukumu yangu ni hii. Mguu wa ndani ukiwa chini ya sentimita 76, chukua pikipiki nyepesi ya cc 100 au 125, hata kama njia yako ni mbuga tupu. Weka tairi la nyuma lenye meno makubwa, pandisha madigadi, na ukibadili sproketi ya mbele kutoka meno 14 kwenda 13 utaongeza mvuto kwa karibu asilimia nane, na kupoteza kasi ambayo kwenye tope huitumii. Mwenye mguu wa sentimita 82 na zaidi, anayeshinda upande wa Lalago au kwenye njia za Meatu wakati wa masika, atafute ndefu yenye gurudumu la inchi 21, haitamchosha. Walio katikati waamue kwa mzigo: anayebeba watu achukue fupi, anayekwenda peke yake achukue ndefu.

Ukienda dukani, vaa viatu utakavyoendeshea, iwe ndala au gambuti. Mpakize mwenzako nyuma, weka mguu mmoja chini, kisha ulalishe chombo kidogo kulia na kushoto. Muuzaji akikukatalia jaribio hilo kabla hujalipa, nenda duka jingine.