Bwana Msa na Msomaji Aliyekata Tamaa

Watu wa rika langu wakiniuliza waanze na kitabu gani baada ya miaka kumi bila kugusa riwaya, hutegemea niwatajie kitabu kizito. Wengi wameshajaribu hivyo. Wamenunua, wamefika ukurasa wa ishirini, wakakiweka kando na kujiona vichwa vimeshaota kutu. Mimi nawaambia: anza na Mzimu wa Watu wa Kale.

Riwaya hii ya Muhammed Said Abdulla ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957-58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Ni hadithi ya upelelezi ya Unguja. Mwenye mali anakutwa ameuawa penye mzimu, na Bwana Msa, kiko mdomoni, anaanza kuuliza maswali.

Aliyeacha kusoma si lazima awe mvivu, wala tusiisingizie simu kila kitu. Shuleni tulisoma riwaya kalamu mkononi: dhamira, wahusika, tamathali za semi, "jadili". Shule imeisha, lakini mtihani umebaki kichwani. Kila ukurasa mtu anajiuliza kama ameelewa vya kutosha.

Hapo ndipo Najum, rafiki wa Bwana Msa, anapotufaa. Kama Watson kwa Sherlock Holmes, anaona yaleyale anayoyaona mwenzake, ila hajui ayapange vipi. Kwa hiyo msomaji akipotea, hapotei peke yake. Kutojua hapa si aibu, ndiyo raha yenyewe.

Sisemi kitabu hakina kasoro. Mazungumzo yanarefuka, na Msa anapenda mno kufafanua, kama mwalimu anayehofia darasa limesinzia. Kiswahili chake cha Unguja nacho kitamkwamisha mtu wa bara mara kwa mara. Ushauri wangu: usikimbilie kamusi. Pita tu. Neno lenye umuhimu litarudi, na likirudi mara ya tatu utakuwa umeshalizoea.

Wapo watakaosema hii ni burudani, siyo fasihi. Haya, tuseme ni burudani. Lakini aliyekesha kwa hamu ya kujua nani kaua, huyo ndiye nitakayempa Nagona ya Kezilahabi mwezi ujao bila wasiwasi. Asipoelewa ukurasa mmoja, atafungua wa pili.