Cheo Hakirushi Ndege

Mtu wa Rugaaga anayeinua macho ndege ya kijeshi inapopita juu ya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda, ana haki ya kuuliza rubani wake asifiwe kwa lipi. Wengi watajibu: ujasiri. Mimi naona ujasiri ni sehemu ndogo ya kazi hiyo, na mara nyingine ndio unaoiharibu. Kinachostahili sifa ni ukaguzi. Rubani huizunguka ndege yake kabla ya kuiwasha, akapapasa kingo za mbawa, akatazama tairi, akachungulia matundu ya injini asije akaacha kokoto ndani, akahesabu pini zenye utepe mwekundu zilizochomolewa. Jana alifanya hivyohivyo na kesho atafanya tena, awe luteni au jenerali.

Mbarara inao ushahidi wake. Tarehe 17 Septemba 1972, wapinzani wa Idi Amin walivuka kutoka Tanzania wakaishambulia kambi ya jeshi mjini humo. Mpango ulikuwa na upande wa pili: ndege ya DC-9 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ichukuliwe Dar es Salaam kwa siri, ipakie makomando Kilimanjaro, iwashushe Entebbe. Ilipotua Kilimanjaro tairi zikapasuka, na safari ikaishia hapo. Sidai kwamba tairi ndizo zilizoamua vita, maana hata raia hawakuinuka kama ilivyotarajiwa. Ila moyo haukukosekana siku ile. Kilichokosekana ni kutua salama.

Kwa upande wa pili wa mizani namweka Jenerali Francis Ogolla wa Kenya. Alijiunga na jeshi Aprili 1984, kikosi cha anga kikiwa hakina hata jina lake: baada ya jaribio la mapinduzi la 1 Agosti 1982 kilivunjwa, kikaitwa Kikosi cha Anga cha 82, na jina la zamani likarudi 1994. Alifunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani, akawa rubani mwalimu, akasomea pia uchunguzi wa ajali. Mwaka 2018 akawa kamanda wa Jeshi la Anga, na Aprili 2023 Mkuu wa Majeshi. Katika safari hiyo yote, mimi naheshimu zaidi ule ualimu. Mwalimu hukaa nyuma ya mwanafunzi, naye ana usukani wake. Akiushika mapema, kijana hajifunzi. Akichelewa, wanakufa wote wawili. Kujua sekunde ya kuingilia hakupatikani kwa nyota za mabegani.

Mtu atanikatiza: Ogolla mwenyewe si alikufa kwa helikopta, tarehe 18 Aprili 2024, pamoja na wenzake tisa huko Sindar, Elgeyo Marakwet? Ndiyo, na alikuwa abiria. Ufundi wake haukuwa na nafasi kwenye kiti kile. Tena ukaguzi haumpi mtu hati ya kuishi. Tarehe 12 Agosti 2012, helikopta tatu za Uganda aina ya Mi-24 zilizokuwa zikielekea Somalia ziliangukia Mlima Kenya, wakafa wanajeshi saba. Ya nne, Mi-17, ilifika Garissa. Ajali kama hizo ndizo zinazoongeza mistari kwenye orodha ya ukaguzi, mradi mtu akubali kuzichunguza bila kuficha.

Pingamizi zito zaidi linatoka Nakivale kwenyewe, waliko Wasomali waliokimbia vita. Oktoba 2011 ndege za Kenya zilishambulia Jilib, Somalia, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasema waliokimbilia kambini wameuawa. Jeshi likakana kupiga kambi. Nani atamwambia mtu wa Jilib asifu urubani? Si mimi. Namwambia tu kwamba kipimo kilekile cha ukaguzi kinamhusu yeye kuliko wote: aliyefyatua alithibitisha nini kabla ya kufyatua? Ukimsifu rubani kwa ushujaa, swali hilo litaonekana matusi. Ukimsifu kwa umakini, ni haki kumuuliza.

Kwa hiyo majeshi yetu, Entebbe na Nairobi, yatoe hadharani taarifa za uchunguzi, za ajali na za mashambulizi pia. Familia za waliokufa Mlima Kenya na za waliouawa Jilib zinadai jambo moja.