Mafundi wa Maswali

Chulaimbo iko kando ya barabara kuu ya kutoka Kisumu kwenda Busia, kabla ya kufika Maseno. Katika hospitali ya hapo, kama kule Port Victoria ukingoni mwa Ziwa Victoria, kliniki ya AMPATH, mpango wa afya wenye makao mjini Eldoret, imewahudumia watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi kwa miaka mingi. Mhudumu akishaingiza uzito na urefu wa mgonjwa kwenye kompyuta, uwiano wa vipimo hivyo hujijaza wenyewe katika kisanduku kinachofuata. Mgonjwa akiwa mwanamume, maswali ya ujauzito hayajitokezi. Hakuna anayestaajabu. Ufundi wa namna hii hutajwa siku unapoharibika tu, na hiyo ni dhuluma ndogo inayostahili kurekebishwa.

Miongoni mwa vifaa vilivyozaa fomu za aina hiyo ni maktaba ya msimbo iitwayo ngx-formentry, kazi ya watengenezaji programu wa AMPATH mjini Eldoret. Imeandikwa kwa TypeScript, lugha ambayo mwishowe hugeuzwa kuwa JavaScript ili kivinjari kiielewe. Ndani yake mna klasi mama, QuestionBase, iliyobeba yale ambayo kila swali duniani linayo: lebo yake, kama ni lazima lijibiwe, na lifichwe wakati gani. Chini yake wamepangwa watoto: swali la tarehe, swali la maandishi, swali la kuchagua, na lile linalorudiwa kwa kila dawa au kila mtoto. Kila mtoto anarithi ya mama na kuongeza la kwake. Fomu yenyewe haimo humo. Hukaa katika faili ya JSON, maandishi ya data yenye mpangilio maalumu, hivyo anayeijua kliniki anaweza kuongeza swali bila kugusa injini. Kuamua kipi kikae kwa mama na kipi kiachiwe mtoto ndiyo kazi ngumu. Ukimtwika mama kupita kiasi, kila mtoto anazaliwa na mzigo usio wake.

JavaScript haikuzaliwa na klasi. Brendan Eich aliibuni mwaka 1995 kwa siku kumi, akaipa urithi wa namna nyingine: kitu kimoja kinaegemea kitu kingine moja kwa moja, bila ukoo wala jina la ukoo. Waliozoea klasi za lugha ya Java walihangaika. Ndipo mafundi wakajitengenezea klasi zao kwa maktaba: Prototype mwaka 2005, MooTools mwaka 2006, na mwaka 2008 John Resig akaonyesha kwamba mistari michache tu ingetosha. Juni 2015 lugha yenyewe ikapata neno la klasi katika sarufi yake, na nyingi za maktaba hizo zikakosa kazi. Ni nadra fundi kufurahia kukosa kazi, lakini huku ndiko kushinda kwenyewe: hoja yake imekubaliwa hadi ikaingizwa katika lugha.

AMPATH nayo ilitangulia na kifaa kidogo. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutunza rekodi za wagonjwa kwa Microsoft Access. Wagonjwa wa Ukimwi walipoongezeka, Access ikalemewa. Mwaka 2004 madaktari Burke Mamlin na Paul Biondich walifika Eldoret kutoka Indiana, wakaona kwamba panahitajika mfumo mpya, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa OpenMRS, programu huria inayotumika leo katika nchi nyingi. Leseni yake ya kwanza ilichongwa kutokana na leseni ya Mozilla, toleo la 1.1, ikaongezewa onyo la kitabibu.

Leseni hiyo ilikuwa na kasoro iliyojificha: msimbo wake haukuweza kuchanganywa kisheria na msimbo wa GPL, mojawapo ya leseni mashuhuri zaidi katika ulimwengu wa programu huria. Mozilla ilitoa toleo la 2.0 Januari 2012 na kuliondoa tatizo hilo, na OpenMRS ikahamia huko, onyo lake likiwa palepale kwamba programu haichukui nafasi ya uamuzi wa mhudumu wa afya. Masharti yake ni ya kiungwana: ukiigawa faili yao uliyoibadilisha, toa msimbo wake; faili mpya uliyoiandika mwenyewe, ipe leseni uitakayo.

Kubadili leseni kunasikika kama kazi ya karani. Wanaojua kuhangaikia shamba la urithi lililobaki kwa jina la babu wataelewa haraka zaidi: kila mrithi lazima apatikane na atie sahihi, hata yule aliyekwenda Mombasa zamani na hakurudi. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inaihesabu programu ya kompyuta kuwa kazi ya fasihi, pamoja na riwaya, na kuilinda katika uhai wa mwandishi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo kijana aliyechangia mistari michache usiku mmoja ameacha kitu ambacho wajukuu wake watakikuta bado kina mwenyewe. Na kama aliiandika akiwa kazini, huenda wa kuombwa ridhaa si yeye bali mwajiri. Mfaransa Jean-Baptiste Kempf aliwasaka wachangiaji wa VLC mmoja mmoja mwaka 2011 na 2012 ili sehemu kubwa ya programu hiyo ya video itoke GPL iingie LGPL, leseni yenye masharti mepesi zaidi. Kazi hiyo haikuongeza hata kitufe kimoja kwenye skrini. Inastahili sifa kuliko vitufe vingi.

Wakubwa nao hubanwa. Mwaka 2017 Facebook ililazimika kuitoa React, maktaba yake ya kujengea skrini, katika leseni yenye kipengele cha hataza kilichokataliwa na wakfu wa Apache, ikaipa leseni ya MIT. Uamuzi huo wa California unafika hadi ziwani, maana skrini za OpenMRS 3 zimejengwa kwa React, na KenyaEMR, mfumo wa rekodi uliojengwa juu ya OpenMRS na kutumika katika vituo vya Kisumu, Siaya na Homa Bay, umezichukua. Huku rekodi si anasa. Utafiti wa KENPHIA wa mwaka 2018 ulikuta maambukizi ya asilimia 19.6 kwa watu wazima wa Homa Bay na 17.5 kwa wa Kisumu, wakati kiwango cha nchi nzima kilikuwa 4.9. Dozi za miaka kumi za mtu mmoja haziwezi kuachiwa daftari linalolowa mvua.

Mjini Kisumu kwenyewe, Zone01, shule iliyofunguliwa mwaka 2024 kwa ushirikiano na LakeHub, kituo cha ubunifu wa teknolojia cha mjini humo, hufundisha lugha za Go na JavaScript bila mwalimu wa kusimama ubaoni. Wanafunzi hukagua kazi za wenzao. Kusoma msimbo wa mwingine hadi ukamwelewa ni nusu ya ufundi huu, na darasa la mhadhara halimfundishi mtu hilo.

Injini ya ngx-formentry, iliyojengwa juu ya Angular, imeanza kupisha nyingine iliyoandikwa kwa React. Klasi za Eldoret zitastaafu, kama zilivyostaafu zile za Resig. Lakini injini mpya inasoma mpangilio uleule wa JSON uliobuniwa na AMPATH, kwa hiyo fomu nyingi za zamani, pamoja na kanuni zao za kuficha na kukokotoa, hazihitaji kuandikwa upya.