Juu ya Hotuba ya Almasi za Uani

Katika maonyo wapewayo vijana ili wafanikiwe, ni machache yaliyosikiwa na watu wengi kama hotuba ya Russell Conwell, mchungaji wa Kibaptisti wa Marekani. Mtu huyu alizaliwa katika jimbo la Massachusetts mwaka 1843, akawa askari, kisha mwanasheria, kisha mchungaji katika mji wa Philadelphia. Akafa mwaka 1925. Hotuba yake iitwayo Acres of Diamonds, maana yake Ekari za Almasi, aliitoa zaidi ya mara 6,000. Hata leo wahubiri huisimulia hadithi yake, na wengine hawajui imetoka wapi. Kwa hiyo tumeona vema tuipime, tusiimeze yote wala tusiitupe yote.

Hadithi yenyewe ndiyo hii. Palikuwa na mkulima Mwajemi, jina lake Ali Hafed, akikaa karibu na mto Indus. Alikuwa na shamba zuri na fedha za kumtosha, akatulia. Siku moja kuhani mmoja alimtembelea akamweleza habari za almasi, na tangu siku ile shamba lake likawa si kitu machoni pake. Akaliuza, akawaacha watu wa nyumbani mwake kwa jirani, akazunguka nchi nyingi akitafuta almasi, hata fedha zikamwishia, akajitupa baharini huko Hispania akafa. Kumbe yule aliyelinunua shamba alikwenda siku moja kumnywesha ngamia wake katika kijito cha bustani, akaona kitu kinang'aa mchangani. Ilikuwa almasi, na walipofukua mchanga wakaziona nyingine tele.

Fundisho la kwanza la hadithi hii ni jema, nasi hatulikatai. Wazee wetu walikwisha kulisema kwa maneno machache: Usiache mbachao kwa msala upitao. Kijana aonaye kwamba riziki haipatikani ila mbali, na huku shamba la baba yake limeota magugu, na aisikie hadithi hii. Tena Conwell hakufundisha watu wizi wala ujanja. Alitaka mali ipatikane kwa haki, na itumike kwa kazi njema.

Walakini tulipoisimulia darasani, mwanafunzi mmoja alisimama akauliza, "Mwalimu, na yule mnunuzi, alifanya kazi gani?" Tulinyamaza kidogo, maana jibu ni kwamba hakufanya kazi yo yote iliyomletea almasi. Alimnywesha ngamia tu. Basi hotuba inasifu bidii, lakini hadithi yake inasifu bahati. Ali Hafed alikuwa mkulima hodari miaka mingi asione kitu. Mwenzake aliona kwa siku moja. Tena hotuba yasema kwamba kijito kile ndicho asili ya machimbo ya Golconda, lakini Golconda iko kusini mwa Bara Hindi, mbali sana na mto Indus. Basi ni mfano tu, si habari iliyotokea, na mfano usifanywe sheria ya kuwahukumu watu.

Na hukumu imo, wala si ndogo. Conwell alisema kwamba ni wajibu wa mtu kuwa tajiri, tena kwamba maskini wengi wamefanywa maskini na makosa yao wenyewe au ya wengine, na wanaostahili kuhurumiwa ni wachache. Neno hili ndilo tunaloliogopa. Tulimsikia mhubiri mmoja akiisimulia hadithi hii katika mwaka wa ukame, mbele ya watu ambao mahindi yao yameungua shambani. Akawaambia kwamba almasi zao zimo uani mwao, ila hawana macho. Mjane mmoja, ambaye tulijua ya kuwa amepanda mara mbili katika msimu ule, aliinuka akatoka polepole. Mhubiri hakumwona. Basi tuliwakumbuka rafiki zake Ayubu, waliokuja kumfariji wakaishia kumtafutia dhambi. Tukamkumbuka na Lazaro mlangoni pa tajiri, ambaye Bwana hakumlaumu hata kidogo kwa umaskini wake.

Tena tuna mfano wa almasi katika nchi yetu wenyewe. Mwaka 1940 John Williamson, mjuzi wa miamba kutoka Kanada, aligundua almasi huko Mwadui katika nchi ya Shinyanga. Wasukuma walikuwa wamelima na kuchunga katika nchi ile vizazi vingi. Hawakuwa wavivu, wala hawakuiacha nchi yao kama Ali Hafed. Lakini kwa sheria ya siku zile almasi ilikuwa ya mwenye hati ya kuchimba, si ya mwenye jembe. Basi kukaa kwako peke yake hakutoshi: yafaa pia elimu ya kulitambua jiwe, na sheria ya kumlinda aliye juu yake. Jambo hilo la sheria hotuba haikulitia katika hadithi yake.

Nasi twaona kwamba maisha ya Conwell ni mema kuliko hotuba yake. Yeye mwenyewe hakukaa kwao. Alitoka Massachusetts akaenda Philadelphia, kama Ibrahimu alivyotoka kwao alipoitwa, wala hakuna amlaumuye. Huko, mwaka 1884, alianza kuwafundisha jioni watu wa kazi wasioweza kwenda shule mchana. Darasa lile likakua likawa Chuo Kikuu cha Temple, ambacho kipo hata leo. Na fedha alizopata kwa hotuba zake aliwasaidia vijana maskini wapate masomo. Angeamini kweli kwamba maskini ana almasi uani na hana haja ila ya macho, angewasha taa za darasa kwa ajili ya nani?

Basi, ndugu walimu na wazee wa kanisa, mkitaka kuisimulia hadithi hii, isimulieni, watoto huipenda. Lakini msiishie kijitoni penye ngamia. Waambieni na habari za darasa lile la jioni. Na kabla ya kumwambia mtu afukue uani mwake, ulizeni kwanza kama ana jembe.