Eti Kongo ni ya Kijani Kuliko Kenya?



Tunapenda kutumiana majedwali ya kulinganisha nchi jirani: nani ana maendeleo ya kijani zaidi, Kongo, Rwanda, Burundi ao Kenya? Kipimo kimoja kinachotumika sana ni sehemu ya nishati jadidifu katika nishati yote inayotumika nchini. Kimo katika Lengo la 7 la Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015. Hapo Kongo yetu inapata zaidi ya asilimia 90 na kuiacha Kenya nyuma, hiyo Kenya inayozalisha umeme kwa mvuke wa ardhini kule Olkaria.

Mimi nasema kipimo hicho kinatudanganya. Sababu ni kwamba kuni na makala vinahesabiwa kuwa nishati jadidifu, eti mti hukua tena. Basi mama anayepuliza mbabula huku machozi yanamtoka, kwenye jedwali anatuongezea alama. Akipata mtungi wa gesi, moshi unaisha nyumbani, lakini asilimia ya nchi inashuka! Tena si kila mti unaokatwa unakua tena. Hata makala yanayochomwa ndani ya Hifadhi ya Virunga yanaingia katika hesabu ileile.

Lengo hilohilo la 7 lina kipimo kingine: ni watu wangapi wanapika kwa nishati safi? Hapo Kongo iko chini ya asilimia 10. Nchi moja, lengo moja, lakini huku tuko juu kabisa na kule tuko karibu na mkia.

Nishati safi ya kweli tunaijua. Mto Ruzizi unapita hapa kwetu, na tangu 1989 kituo cha Ruzizi II kinagawia umeme Kongo, Rwanda na Burundi. Lakini katika Kongo nzima, karibu mtu mmoja tu kati ya watano ana umeme. Jedwali la asilimia 90 halisemi neno juu ya hilo.

Sipingi kupima. Napinga umaskini kupakwa rangi ya kijani. Wenzetu mnaoandika ripoti maofisini, tenganisheni safu ya kuni na safu ya maji, jua na upepo, halafu wekeni upishi safi pembeni yake. Bila hiyo, siku mama zetu watakapoachana na moshi, tutaandikiwa kwamba tumerudi nyuma.