Ukili Hauna Haraka

Anayetaka mkeka wa ukindu hasuki mkeka. Anasuka ukili, utepe mrefu wa upana wa vidole vichache, anaouviringisha kila unaporefuka. Bunda likitimia ndipo ukili huzungushwa na kushonwa, ukingo kwa ukingo, na mkeka ukaanza kuonekana. Kabla ya hapo msukaji hana cha kumwonyesha mtu. Ana utepe tu, na anaendelea.

Hata huo utepe una safari yake. Makuti machanga ya mkindu hukatwa kabla hayajachanua, yakaanikwa juani mpaka yakapauka, kisha yakachanwa chane nyembamba zinazolingana. Za rangi huchemshwa. Zamani weusi ulitolewa kwenye mizizi ya mdaa. Siku hizi rangi ya unga hununuliwa dukani. Na wakati wa kusuka chane ziwe na unyevu, maana ukindu mkavu hukatika mkononi, hata ukiubembeleza vipi. Chane moja ikirukwa, ua linapinda, na kadiri unavyosonga mbele ndivyo linavyozidi kupinda. Dawa ni moja: kufumua mpaka lilipo kosa.

Wanawake wa Pemba, na wa Siyu na Pate huko Lamu, hawangoji wapate nafasi ndipo wasuke. Ukili unashikwa wali ukiwa jikoni, unawekwa mtoto akilia, unashikwa tena baada ya alasiri wageni wakiwa barazani. Mazungumzo hayakatiki, vidole havisimami. Naiheshimu sana sanaa hii kwa sababu hiyo: haimtaki mtu ayakimbie maisha yake ili aifanye. Inakaa humo humo ndani ya siku, na siku yenyewe inatulia.

Shukrani nimeipata mahali nisipopategemea. Tangu nijifunze kusuka, siwezi kukaa juu ya mkeka bila kuutazama. Msibani, watu wakiwa kimya, jicho hunikimbilia kwenye mshono. Hapa mkono ulikuwa wa mzoefu, maua ya ukili huu na wa jirani yake yamekutana sawasawa. Pale chane zimenenepa ghafla, pengine msukaji alimpokeza binti yake. Simjui mama huyo, wala hatajua kwamba kazi yake imewapa pa kukaa wafiwa. Ninamwombea dua kimyakimya. Vivyo hivyo kwa msala ninaoswalia, na kwa kifumbu kinachochuja tui la kila siku, ambacho nimekitumia miaka mingi bila kufikiri kwamba kuna aliyekisuka.

Mikeka ya plastiki imejaa madukani, ni rahisi kwa bei na kwa kuosha, na simlaumu anayeinunua. Lakini wa ukindu una jasho la mtu ndani yake, na sokoni watu huubishania bei kama vile uliota mtini ukiwa tayari umeshonwa. Hilo linaniuma.

Kama kwenu yupo bibi anayesuka, usimwombe akusukie. Mwombe chane, kaa karibu naye, akufundishe ukili wa chane chache. Na siku ukinunua mkeka wa ukindu, mlipe msukaji bei aliyoitaja.